Bati la Jikoni

Baba yangu, Clemensi, ni fundi bati hapa Karatu, na hawezi kukiacha kitu kilivyo. Koroboi aliitia mkono isiunguze vidole, watu wakaipenda. Ndoo kuukuu aliitoboa chini akaitia kizibo cha kuvuta, ikawa ya kunawia. Mimi niliacha shule darasa la nne, mama alipougua mgongo, kwa hiyo hayo yote nimeyaona huku nachambua maharage.

Halafu bati likapotea madukani, pamoja na sabuni na sukari. Siku ya mnada, mama mmoja wa Kimaasai aitwaye Nanyokie, anayeshuka kutoka Nainokanoka huko milimani, akamsimulia baba jinsi punda wake alivyojikwaa, kibuyu kikapasuka, maziwa yote yakanywewa na vumbi. Baba alirudi nyumbani akiwaza kibuyu kisichopasuka. Kesho yake akapanda juu ya paa la jiko na nyundo.

"Baba Lukresia, hilo bati unalishusha liende wapi?" mama akauliza toka chini.

"Naazima tu. Nikiuza narudishia mapya."

"Mapya umeyaona duka gani?"

Baba akang'oa msumari wa kwanza. Masika yalikuwa karibu.

Alitengeneza vyombo vya maziwa vyenye umbo la kibuyu: shingo nyembamba, mfuniko wa kubana, mkanda wa ngozi. Vilikuwa vizuri, sisemi uongo. Mnada uliofuata Nanyokie akashika kimoja, akakigeuza, akakinusa.

"Fundi, hiki ni chombo au bomu?" Wenzake wakacheka. "Kibuyu nakisugua ndani kwa kijinga cha mti wa oloirien. Kinakunywa moshi, maziwa yanakaa. Hiki kitakunywa nini?"

"Lakini hakipasuki, mama."

"Hata jiwe halipasuki. Nikamulie kwenye jiwe?"

Alisema kwa upole, akamwachia baba tumbaku kidogo. Hakuna aliyenunua.

Nilidhani ataacha. Badala yake akasema kosa ni dogo tu: kibuyu kibaki kibuyu, yeye atengeneze kasha la kukikinga. Akamaliza bati la jikoni. Kasha likafungwa juu ya punda wa Nanyokie, likaanza kugongagonga, punda akakimbia mpaka bondeni na mzigo wote. Vijana wa mnadani wakampa baba jina: Kengele.

Mvua ikaja. Tukahamishia mafiga ndani ya nyumba, tukapikia humo, macho yakitoka machozi. Pembeni pa mlango palikuwa panavuja, mama akapanga pale vile vyombo vya maziwa. Alikuwa ameacha kugomba. Hilo lilinitisha kuliko kelele zake.

Baba alikaa akivitazama vikijaa, tone kwa tone, kupitia zile shingo nyembamba.

"Mama Lukresia," akasema, "unaona? Maji hayachafuki. Ukikiwekea mfereji mrefu hapo juu..."

Mama aliendelea kukoroga ugali.

Nikafuata macho ya baba. Yalikuwa yameshapita vyombo, yamepanda ukutani, yametulia kwenye bati lililo juu ya kitanda cha mama.