Dirisha Lililokwenda Upande

Mtu akikuambia amewahi kumkuta Mama Pazia bila futikamba shingoni, mtu huyo ni mwongo, au alimkuta anaoga. Kwa miaka ishirini na minne mwanamke huyu aliingia nyumba za watu, akapanda juu ya viti vya watu, akapima madirisha ya watu, akarudi kushona. Nyumba ya kwake mwenyewe hakuwa nayo. Alikuwa mpangaji wa vyumba viwili kwenye ua wa wapangaji sita: choo cha pamoja, bomba la pamoja na ugomvi wa pamoja. Wahenga waliposema kinyozi hajinyoi, walikuwa wanamsema yeye.

Sasa mwenye nyumba alikuwa amefariki, watoto wake wameuza kila kitu mpaka mlango wa choo, na wapangaji wamepewa hadi mwisho wa mwezi wawe wameondoka. Mama Pazia alikuwa na akiba ya cherehani yake na mafao ya marehemu mumewe, aliyekuwa fundi bomba. Vikiunganishwa vilitosha kununua nyumba moja ndogo. Akikosea hapo basi tena, kwa sababu umri ulishakwenda na magoti yameanza kugomea ngazi.

Binti yake wa pekee, nesi, mkali kama sindano zake mwenyewe, alijipa kazi ya kuzunguka naye kila siku ya mapumziko. Waliona chumba na sebule ghorofa ya nne, Mama Pazia akakaa kwenye ngazi ya ghorofa ya pili na kusema hapo alipofika panatosha. Waliona nyumba nyingine ambayo dalali aliisifu njia nzima, wakafika wakakuta ni kuta bila paa. Dalali akasema paa ni kitu kidogo. Nesi akamwambia basi aanze kulala humo yeye.

Zikabaki mbili. Ya kwanza ilikuwa juu kilimani, lami inapoishia, kisha unatembea robo saa. Vyumba viwili, jiko, tangi la maji, na kibaraza cha kuweka cherehani na meza ya kukatia. Kuta kavu. Nesi aligonga gonga kila mahali kama anayemchunguza mgonjwa, akaridhika. Mama Pazia akapima madirisha, akakunja uso. Akasema ni madirisha tu, hayana neno. Nesi akamuuliza tangu lini madirisha yakawa na neno.

Ya pili ilikuwa bondeni, mtaa wa nyuma tu ya pale walipokuwa wakiishi. Nyumba kuukuu, bei ileile ya kilimani. Mama Pazia aliingia sebuleni, akatazama dirisha, na mkono ukamwendea kifuani. Dirisha lilikuwa limekwenda upande. Kushoto juu, kulia chini, wazi kabisa, hata mtoto angeliona. "Hili hapa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepata ndugu yake aliyepotea.

Hapo inabidi turudi nyuma kidogo, la sivyo utamwona mama wa watu kachanganyikiwa.

Alipoolewa, walipopewa vile vyumba viwili, walikuwa na godoro, ndoo na sufuria moja iliyopika chai asubuhi na mchuzi jioni. Mshahara wa kwanza wa mumewe baada ya harusi ulinunua kitambaa cha pazia, cha kijani chenye maua madogo meupe. Bibi harusi hakuwahi kushona kitu kikubwa kuliko kifungo. Aliazima cherehani kwa jirani, akatandika kitambaa sakafuni, akakata kwa macho, akashona siku mbili. Mume akafunga fimbo, wakatundika. Lo! Pazia lilining'inia upande. Kushoto liligusa sakafu, kulia likaachia vidole vinne. Bibi harusi akakaa kwenye ndoo akalia, maana kitambaa kilikuwa ghali na hakuna kingine.

Mumewe hakucheka. Alitoa pima maji kwenye sanduku lake la kazi, ile rula yenye kichupa cha maji inayoonyesha kama kitu kimelala sawa, akaiweka juu ya fremu ya dirisha, akafumba jicho moja, akatikisa kichwa.

"Mke wangu, pazia lako halina kosa," alisema. "Dirisha ndilo limekwenda upande. Fundi aliyeliweka alikuwa mlevi."

Akamtuma maji bombani. Kulikuwa na foleni. Aliporudi, mumewe alikuwa ameshaifunga upya fimbo kufuata dirisha, na mbele yake kapigilia ubao mzuri wa kuficha fimbo na kichwa cha fremu. Pazia lilikuwa limelala sawasawa, chini limenyooka kama mstari wa daftari. Akamwambia ana jicho la kazi, kalikata pazia kufuata dirisha bovu bila hata kujua. Jirani mwenye cherehani akaja kuona, akatamani, akaagiza la kwake. Ndivyo Mama Pazia alivyopatikana. Na kila mteja aliyemjia katika miaka yote ile alisimuliwa habari za fundi mlevi, huku mume amekaa pembeni na kikombe chake cha chai, anaitikia, "Alikuwa mlevi kweli yule."

Pazia lile halikuwahi kubadilishwa. Lilipauka, likatiwa kiraka, likaoshwa na kurudishwa, na kulishusha na kulitundika ilikuwa kazi ya mume, mtu mrefu wa nyumba. Tangu afariki, miaka mitatu sasa, halikuoshwa. Mama Pazia alilikung'uta vumbi palepale lilipo, na jioni alilivuta taratibu, kwa sababu mikono ya mwisho kulitundika haikuwa yake.

Kwa hiyo alimwambia dalali kuwa nyumba ya bondeni anaichukua, Jumatatu analeta hela.

Nesi hakupiga kelele. Alisukuma kabati ambalo dalali aliliegemeza ukutani, na nyuma yake kukawa na mstari wa kahawia uliofika magotini, alama ya maji ya mvua zilizopita. Kisha akamshika mama yake mkono, akamtoa nje.

"Mama, dirisha lile limepinda kwa sababu nyumba inazama. Wewe unanunua dirisha. Nyumba njema si mlango, seuze dirisha!"

"Na pazia la baba yako nikalitundike wapi?"

Nesi akamwongoza hadi nyumbani.

Jumapili, akiwa peke yake, Mama Pazia aliona ni vizuri apime lile dirisha lake la siku zote, ajue limekwenda upande kiasi gani, ili alilinganishe na la bondeni. Fikiria, madirisha yote ya mji kayapima yeye, na hilo moja hajawahi. Alifungua sanduku la marehemu, akatoa pima maji. Kuisoma alijua, alifundishwa na mwenyewe: kipovu kikikaa katikati, kitu kimelala sawa. Akapanda kwenye kiti, goti likalalamika, akaingiza mkono nyuma ya ubao na kuiweka pima maji juu ya fremu.

Kipovu kikatulia katikati.

Akaigeuza, maana mumewe alizoea kusema ukiitilia shaka igeuze. Katikati. Akaiweka kwenye kizingiti cha chini. Katikati. Akaiweka juu ya fimbo ya pazia, na hapo kipovu kikakimbilia mwisho kushoto na kugota.

Dirisha halikuwahi kwenda upande. Lililokwenda upande lilikuwa pazia, na fimbo ilifungwa upande kulifuata, kisha ukapigiliwa ubao ili bibi harusi asione. Hakukuwa na fundi mlevi. Mtu wa watu, pengine maisha yake yote hajaonja hata tone, kasingiziwa miaka ishirini na minne mbele ya wateja mia kadhaa.

Alishuka, akakaa kwenye ndoo. Kwanza alikasirika. Alimwita marehemu majina ambayo hayaandikiki. Halafu akakumbuka kile kikombe cha chai na lile "Alikuwa mlevi kweli yule," akacheka mpaka jirani akauliza kulikoni, na kicheko kikageuka kilio, na kilio kikawa kirefu. Alimkumbuka mumewe mzimamzima. Tena akaona kitu ambacho hakukiona wakati wa kutafuta nyumba: mume wake hakuwa kwenye dirisha. Dirisha lilikuwa kama madirisha mengine yote. Yeye alikuwa kwenye ile fimbo, na fimbo inafunguliwa kwa bisibisi.

Jumatatu dalali alingoja bondeni hadi saa sita mchana, kisha akapiga simu kulalamika. Alijibiwa na nesi, na sidhani kama alipiga tena.

Walihamia kilimani siku mbili kabla ya mwisho wa mwezi. Vyombo vikiwa bado vimerundikwa kibarazani, Mama Pazia alitaka fimbo ifungwe kwanza. Ubao alikuwa ameubandua mwenyewe na kuja nao umeviringishwa kwenye shuka. Pazia lilikuwa limeoshwa, maua meupe yameonekana tena. Nesi alipanda kwenye kiti, akaweka pima maji juu ya fimbo, akaweka alama ya penseli kulia na kushoto.

"Iko sawa kabisa, Mama. Nipige msumari?"

Mama Pazia alisogea nyuma mpaka mlangoni, akafumba jicho moja.

"Kushoto pandisha vidole vinne."

"Itakwenda upande!"

"Pandisha, mwanangu. Fundi aliyeweka dirisha hili alikuwa mlevi."

Nesi alimtazama mama yake, kisha lile pazia mikononi mwa mama huyo, ambalo upande mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Akafuta alama ya kushoto kwa kidole gumba, akaweka nyingine juu yake, akaomba nyundo.