Bastola Katika Ndoo ya Unga

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyuma ya nyumba yetu hapa Selly Oak, Birmingham, natia mafuta mnyororo wa baiskeli ya binti yangu. Nilikuwa nimenunua kichupa cha mafuta ya cherehani, maana ndicho nilichokiona kwanza dukani. Nilipokifungua tu, harufu ikanipanda puani na mikono ikasimama yenyewe. Binti yangu akaniuliza kwa Kiingereza chake kama nimejikata. Nikamwambia sijajikata, nimekumbuka bastola za babu yako. Akanitazama kwa wasiwasi, akapanda baiskeli yake na kutokomea. Basi wewe, rafiki yangu, kaa nikusimulie.

Kwetu kulikuwa Shard End, katika nyumba ya halmashauri yenye bustani ndogo ambayo Mama aliijaza lengalenga, mchicha wa kwetu, mpaka majirani wakadhani tunafuga magugu. Baba alipakia mizigo ghalani wiki nzima, lakini Jumamosi asubuhi alikuwa mtu mwingine kabisa. Alioga, akavaa shati la kanisani, akatandika gazeti juu ya meza ya jikoni na kushusha sanduku lake kutoka juu ya kabati. Ndani ya sanduku, kila moja ikiwa imevikwa soksi kuukuu, zilikuwamo bastola za mfuko wa kizibao.

Labda hujawahi kuziona. Ni bastola ndogo mno, za enzi zile ambazo mabwana walivaa kizibao chini ya koti kila siku, na mfuko wa kizibao ulikuwa wa saa, wa kiberiti, na kwa waoga wenye fedha, wa bastola. Kiganja changu cha utotoni kiliweza kuifunika moja nzima. Za Baba zote zilikuwa zimekwisha kuuawa: fundi mwenye kibali alizichomelea chuma ndani ya mtutu na kuziharibu mitambo zisiweze kufyatua tena, na kila moja ilikuwa na cheti. Bila cheti hicho, leo ungekuwa unazungumza na mtoto wa mfungwa.

Watu wa kanisani walimshangaa. Mtu amekimbia vita Bukavu, amefika Birmingham salama, halafu anatumia Jumamosi zake kuzipiga mswaki bastola! Baba hakukasirika. Alijibu kwamba kule alikotoka bunduki ndiyo iliyomkagua yeye, na hapa ni yeye anayeikagua bunduki. Kisha alirudi kwenye kichupa chake cha mafuta ya cherehani na mswaki wake mkuukuu, akiimba pambio kwa sauti nzito.

Mimi nilikuwa mwanafunzi wake pekee. Alinifundisha kwamba jina lililoandikwa ubavuni lisomwe mwisho, kwa sababu majina hudanganya. Wahispania walinakili bastola za wenzao kwa mamia na kuzipa majina ya mbwembwe, ya ushindi na radi na simba. Kwanza, alisema, tafuta alama za wakaguzi. Yai dogo lenye herufi na nyota, hiyo imepimwa Ubelgiji. Taji na fimbo mbili zilizopishana, hiyo imepimwa hapa hapa mjini kwetu. Halafu hesabu mikato ya pale vidole vinaposhika kuikoki, kagua mpini, ndipo usome jina. Nilipopatia, aliniambia kwa Kifaransa "Bravo, ma fille," hongera binti yangu, na kunikatia kipande cha mkate wenye siagi nyingi. Nilijifunza upesi, kwa sababu ya siagi.

Kuna wakati alinichukua mpaka Mtaa wa Bunduki, kule katikati ya jiji, ambako mafundi wachache wa zamani walikuwa bado wanafungua karakana zao. Nakumbuka vumbi la chuma, chai ya maziwa kwenye vikombe vilivyopasuka, na wazee wa Kiingereza waliomwita Baba "bab", yaani mpenzi, kama wanavyomwita kila mtu. Huko ndiko alikoulizia bastola aliyoitamani kuliko zote, ile ndogo iliyotengenezwa Birmingham, yenye nyundo inayoonekana kwa nje. Walimwambia aendelee kuangalia, na aliendelea kweli.

Halafu ikaja habari kwamba Koko anakuja. Koko ndivyo tulivyomwita bibi, mama yake Mama. Karatasi zake zilikuwa zimechukua miaka, na siku zilipokamilika Mama alilia, akacheka, akaosha mapazia yote. Kisha macho yake yakaenda juu ya kabati. Koko alikuwa amepoteza nyumba na wana wawili kwa watu wenye bunduki. Akiziona hizi, Mama alisema, hatalala humu hata siku moja. Tena kwa desturi yetu mkwe na mama mkwe hawazoeani. Baba hata kukohoa mbele yake aliona haya. Alikubali. Vyeti viliingia chini ya godoro, na bastola, zikiwa zimefungwa kwenye mfuko wa plastiki, Mama alizizika ndani ya ndoo ya unga wa muhogo, akiamini kwamba mgeni hagusi sufuria.

Koko alifika akiwa amevaa makoti mawili na hakuyavua. Aliketi kwenye kiti cha dirishani na kuangalia mvua. Chakula alionja tu. Fataki za watu zilipolia mtaani alishuka chini ya meza na kutuvuta wote tuingie naye, na hapo chini nilisikia moyo wake unavyodunda. Kila asubuhi alimwambia Mama maneno yale yale: "Munirudishe kwetu. Heri nikufie kule nazoea." Mama alimwomba avumilie, kisha akaenda bafuni na kufungulia maji ili tusisikie anavyolia. Nilisikia. Nilikuwa na miaka tisa na nilimpenda Koko tangu alipotoka kwenye lango la uwanja wa ndege, na niliogopa kuamka siku moja nikute kiti ni kitupu.

Jumamosi moja zamu ya maombi ilikuwa nyumbani kwetu. Sebule ilijaa Wakongomani na nesi Mkenya aliyekaa nyumba ya tatu, ambaye hakukosa maombi yoyote yaliyokuwa na chakula. Katikati ya pambio la pili, Koko akasimama. Akavua koti moja. Akavua la pili. Akasema wageni hawawezi kuondoka bila foufou, ule ugali wetu wa muhogo, akaenda jikoni. Mama aliacha kuimba kwa mshangao, uso wote ukimeta. Ilikuwa mara ya kwanza Koko kutaka kufanya kitu. Furaha hiyo ilidumu mpaka Mama alipokumbuka unga uko wapi.

Tulichelewa. Koko alitokea mlangoni akiwa mweupe hadi viwikoni, ameishika bastola kwa vidole viwili kama anayemshika panya mkia. Pambio likakatika. Nesi akapiga kelele, "Ai, Yesu wangu, hiyo ni nini sasa!" na kujikunja nyuma ya kochi, mwili wake mwingi ukibaki nje. Baba alisimama, akaketi, akasimama tena.

"Hii iko ya nani?" Koko aliuliza.

Baba aliangalia zulia, akajibu kwa Kiswahili cha Bukavu. "Yangu, Mama. Lakini imekufa. Banaiziba kinywa."

Koko alichukua njiti ya kiberiti pale kando ya mishumaa, akaigeuza bastola kuelekea dirishani, akachomeka njiti mtutuni. Ikaingia kidogo, ikagota. Akasukuma tena, ikavunjika. Alipuliza unga uliobaki na kuchungulia kwa jicho moja.

"Nani aliiziba?"

"Ni sheria ya hapa, Mama. Fundi anatia chuma, halafu banakupa karatasi."

"Zote?"

"Zote, Mama."

Baba alikuwa anazungumzia zake. Koko alielewa nchi nzima, na ninakuhakikishia hakuna mtu katika sebule ile aliyefungua mdomo kumsahihisha. Aliitazama tena ile bastola, ndogo katika kiganja chake kilichozoea jembe, na kicheko kikaanza. Kilianzia tumboni, kikamtikisa mabega, akalazimika kuegemea mlango. "Na hii katoto, ilikuwa inatisha nani? Kuku?" Nesi akachungulia kutoka nyuma ya kochi na kuanza kucheka naye. Mama alicheka huku machozi yanamtiririka. Koko alipopata pumzi, alijipangusa macho na kuupaka uso wake unga.

"Kama huku banaziba bunduki kinywa," alisema, "mi nabakia."

Kisha akamwamuru Baba atoe hizo zingine haraka, maana foufou itanuka mafuta. Ilinuka kweli, na watu waliila yote.

Kuanzia siku hiyo meza ya Jumamosi ilikuwa na watu watatu, na ile haya ya mkwe na mama mkwe ikasahaulika juu ya gazeti lenye mafuta. Koko hakusoma alama. Alitambua bastola kwa wamiliki wake wa zamani. Aliipima mkononi, akafumba macho, na kutangaza: hii ilikuwa ya bwana mnene, ona mpini umelika upande wa tumbo. Hii ya mwanamke mwenye wivu. Hii ya padri, msiniulize nimejuaje. Baba alipinga kwa kioo cha kukuzia na vitabu, wakabishana mpaka chai ikapoa, na mimi nilikula siagi ya pande zote mbili. Baba alipoipata hatimaye ile ya Birmingham, akaiweka mezani kwa furaha, Koko aliipindua mara mbili na kusema ina sura mbaya, na kwamba mwenye nayo alikuwa mtu wa hapa kabisa, wa kukuomba radhi hata wewe ndiye umemkanyaga. Baba alicheka mpaka akaangusha kioo.

Hakuomba tena kurudishwa. Alipanda maboga kando ya lengalenga, akajifunza kuwaita majirani "bab", akanisubiri langoni nikitoka shule. Alipozeeka sana alituambia azikwe hapa hapa, na amelazwa hapa, mahali ambapo mvua inanyesha karibu kila ninapokwenda kumsalimia. Siendi kwa huzuni. Namweleza habari za mtaa, na mara nyingi naondoka nikitabasamu.

Karakana nilizozijua zimegeuka vyumba vya kupanga. Shard End tumeihama, na sijui nani anakaa pale sasa, wala kama anajua kwa nini maboga huota yenyewe uani. Foufou ya Koko hakuna anayeipatia. Nimejaribu, Mama amejaribu, tumekubali.

Juzi nilimtembelea Baba, nikamwomba anishushie sanduku nimwonyeshe binti yangu lile yai lenye nyota. Akaniambia aliziuza zote kwa mkusanyaji mmoja wa Sutton Coldfield, muda mfupi baada ya mazishi ya Koko. Nilishtuka, hata nikapandisha sauti. Vipi, Baba, zote? Hata ile ya Birmingham, uliyoitafuta miaka yote ile?

Alinimiminia chai kwanza.

"Mwanangu," akasema, "sasa ningebishana na nani?"