Niliandika Saa Saba, Kasigau Wakasoma Mchana

Admin, jina langu libaki kwako. Mimi ni mama wa miaka ishirini na sita, naishi Voi na mtoto mmoja ambaye ndio ameanza kutembea. Shule niliishia form four. Kuandika code za kompyuta nimejifunza kwa simu nikinyonyesha, halafu nikajiunga na kikundi cha madeveloper hapa mjini. Tunakutana Jumamosi, kila mtu anasaidia kazi ya mwenzake. Siku ya kwanza niliingia na mtoto mgongoni, wakacheka, "Karibu Mama Toto!" Jina likakwama. Lakini walinifundisha bila kuchoka, na hilo sitalisahau.

Kikundi kilitengeneza mfumo wa kuonya wakulima wa Kasigau kuhusu ndovu. Mlinzi akiwaona anabonyeza simu, na wakulima wote wanapata SMS. Sehemu ya kuandika ule ujumbe niliifanya mimi. Nilipigiwa makofi, na kiongozi wetu akaniambia kuna kampuni imeona kazi yangu, inataka kuniajiri. Mimi, wa kufulia watu nguo!

Wiki iliyopita nilienda kwa mamangu Kasigau. Akanionyesha simu kwa furaha. "Hii kitu yako inanisaidia. Juzi giza likianza iliniambia ndovu wameonekana saa 7. Nikasema, aa, hao ni wa mchana, wamepita kitambo. Nikatoka kufunga mbuzi. Nikakuta mavi ya ndovu bado yanatoa moshi."

Nilichukua ile simu nikausoma ujumbe mwenyewe. Kompyuta ikisema saba jioni, sisi tunasema saa moja. Mimi mwenyewe tangu nizaliwe sijawahi kuita jioni saa saba. Lakini siku ile nilikuwa nafikiria kama kompyuta, nikaacha namba vile ilivyo. Hata neno "jioni" sikuweka. Wenzangu walipitia wakasema iko sawa.

Nilirekebisha siku hiyo hiyo. Mistari minne tu. Lakini kwetu code haiingii kwenye mfumo mpaka kiongozi aikubali, na marekebisho yote yanaonekana na kila mtu. Nikampigia.

"Mama Toto, tulia," akasema. "Wageni wa kampuni wanakuja Ijumaa. Wataona hilo kosa kabla hawajakuona wewe. Wakienda tutalitoa polepole."

"Na mtu akikanyagwa?"

"Si hao wamekaa na ndovu tangu zamani? Usijichome mwenyewe."

Nikakata simu. Nilimwambia mamangu peke yake. Akaniangalia mpaka nikainamisha kichwa. "Mimi umeniambia kwa sababu nimekuzaa. Mama Mwakio hapa jirani naye, nani atamwambia?"

"Mama, ngoja tu Ijumaa ipite."

Tangu siku hiyo kila ujumbe ukiingia jioni, anachukua tochi na kupita nyumba kwa nyumba. "Si mchana, ni sasa!" Ana miaka sitini na mguu mmoja unamsumbua. Wengine wanamsikia, wengine wanamcheka: "Mashine haikosei bwana, ni wewe umezeeka." Kwa hivyo kesho yake anarudi tena.

Nikiweka ukweli wazi kwa ukurasa wa kikundi, ambao wakulima pia wanausoma, kiongozi hatanitetea tena na hiyo kazi nitaisikia kwa wengine. Mtoto wangu anaihitaji. Nikinyamaza, ni siku tatu zimebaki. Najiambia siku tatu ni kidogo, halafu nakumbuka kila siku ina jioni yake.

Ujumbe wa kukiri nimeshauandika, umebaki kutumwa. Msinibembeleze, kosa ni langu na najua. Niambieni kama mngemwambia dada yenu: niutume leo nirudi kwa nguo za watu, ama nivumilie?

Naandika hii saa kumi na mbili na nusu jioni. SMS imeingia sasa hivi kwa simu yangu pia: "Ndovu wameonekana saa 6:20." Nimempigia mamangu mara tatu. Simu inaita tu, najua ameiacha mezani ametoka na tochi.

Mngekuwa mimi, mngengoja Ijumaa?