Upande wa Chini wa Madawati

Mzee Randa hakuwahi kuwa mwanafunzi wa sekondari ile ya mjini, lakini aliyasoma madawati yake yote. Miaka thelathini na sita alikuwa seremala wa shule, karakana yake nyuma ya maabara, na historia ya mahali pale aliijua kwa kuipapasa. Mwaka wasichana walipoanza kupokewa, mtu alichonga: "Wamefika. Vaeni soksi." Mwaka bomba lilipokatika muhula mzima: "Leo tumenawa kwa soda." Na kwenye dawati moja la nyuma, dirishani, kwa ncha ya bikari: "Hisabati ni homa: haiponi, haiui." Chini yake, saini: Twiga.

Shule ilipokaribia kutimiza miaka sitini, Mkuu mpya, mwalimu wa Hisabati aliyewahi kusoma hapo hapo, mrefu wa kuinama kila mlangoni, alimwita.

"Wageni watakaa madarasani, Mzee Randa. Sitaki wauone uchafu huu. Piga randa madawati yote."

"Yote, Mkuu?"

"Yote! Ukishindwa, nitamleta kijana mwenye mashine, nawe ukapumzike nyumbani."

Mzee Randa alikuwa amebakiza miezi minane astaafu. Aliweka randa juu ya ubao wa kwanza, mkono ukagoma. Mkewe, mpishi wa shule, alipoleta chai alimkuta ameduwaa.

"Baba watoto, unaunyoa ubao au unauposa?"

"Nikiunyoa, nimeyaua maneno ya watu. Nisipounyoa, kazi sina."

"Mbona shuka likichafuka upande mmoja unaligeuza, unalala?"

Chai ikapoa hapo hapo. Kwa wiki mbili Mzee Randa alifungua skrubu, akageuza mbao, akabandua ubani uliotafunwa tangu enzi na enzi, akapaka vanishi. Madawati yakang'aa kama kipara.

Mkuu alikagua akitabasamu, mpaka alipochungulia karakana.

"Madawati mia nne, na maranda hayajai hata ndoo? Umenichezea, mzee!" Akarudi darasani, akaanza kuinama.

Mzee Randa akamfuata. "Kama ni kuchungulia, Mkuu, anza na lile la nyuma, dirishani."

Mkuu akaingiza kichwa chini ya dawati. Kikakaa huko muda mrefu, miguu ikibaki nje. Kilipotoka, sauti ilikuwa imeshuka.

"Nani mwingine amelisoma hili?"

"Mimi tu, Twi… Mkuu."

"Lipige randa hili moja."

"Moja siwezi. Amri ilikuwa yote."

Mkuu akajipangusa magoti polepole. "Basi yabaki yalivyo. Na wewe ubaki ulivyo."

Siku ya sherehe, Mkuu alihutubia kirefu juu ya nidhamu. Katikati ya hotuba, bibi mmoja mwenye mvi, wa kundi la kwanza la wasichana, aliangusha miwani, akainama kuiokota. Kicheko chake kikatokea chini ya dawati:

"Kumbe wavulana walivaa zile soksi kwa amri!"

Wageni wote wakaangusha miwani. Hata wasiokuwa nayo.