Jina Ambalo Kompyuta Ililitaka

Mwaka ule niliomba nafasi katika chuo cha ufundi, nisomee umeme wa majumbani. Nilikuwa na darasa la saba tu. Chuo kile kilipokea watu kama mimi, ila majibu yao walikuwa wanayatuma kwa barua pepe. Kijijini kwetu, upande wa Newala, sikumjua mtu mwenye barua pepe. Niliteremka Masasi kwa basi la asubuhi, nikaingia kwenye duka la steshenari karibu na stendi, na kijana wa pale akanifungulia.

Aliniambia nitunge paswedi ndefu yenye herufi na tarakimu. Nikatunga. Halafu akasema kuna swali la akiba, la kujibu siku nikisahau. Katika orodha ya maswali nikachagua moja: jina lako la utotoni ni lipi. Akanisogezea kibodi, akageuka kumhudumia mtu mwingine. Niliandika kwa kidole kimoja, taratibu, kama ninavyoandika mpaka leo. Nikaondoka nimeridhika sana. Niliona nimewazidi akili wezi wote wa mitandaoni.

Kwetu mvulana akitoka likumbi, yaani kambi ya jando, anatoka na jina jipya. Lile alilopewa akiwa mchanga linabaki huko, pamoja na nguo za zamani. Shuleni anaendelea na jina la dini, hilo haliguswi. Lakini jina la utotoni halitamkwi tena, si na yeye, si na mama yake. Anayekuita kwa jina hilo amekutukana, na watu wamepigana kwa sababu hiyo. Mimi nilipotoka likumbi nilikuta mama amekwangua ukuta wa nyuma kwa jembe, pale nilipokuwa nimeliandika jina langu kwa mkaa nikiwa darasa la kwanza. Basi niliwaza, kuna siri gani salama kuliko neno ambalo kijiji kizima hakilitamki?

Sikuwaza kwamba kijiji kizima kinalijua.

Msimu wa korosho ukapita. Simu yangu ikapotea mnadani Lisekese pamoja na laini yake. Paswedi sikuwa nimeitumia tena tangu siku ile, ikanitoka kichwani. Kisha chuo kikampigia mjomba, maana namba yake nayo niliiandika kwenye maombi. Walisema nimechaguliwa, nithibitishe kwa barua pepe kesho yake kabla ofisi haijafungwa, la sivyo nafasi anapewa mwingine.

Nilirudi dukani. Yule kijana hakuwepo tena. Alikuwepo dada mmoja kutoka Iringa, mwepesi wa mikono. Kompyuta ya wateja ilikuwa imekufa. Iliyobaki ilikuwa yake, nyuma ya kaunta yenye wavu, na mwenye duka alikataza wateja kuingia humo. Watu wote aliwaandikia yeye.

"Paswedi?"

"Nimesahau."

"Namba ya simu uliyoandikisha?"

"Imepotea."

"Mh. Kaka, wewe umejitilia kufuli mwenyewe." Akabofya, akasubiri mtandao. "Haya, limebaki swali. Jina lako la utotoni?"

Nikageuka kutazama nyuma.

Kwenye benchi nyuma yangu aliketi mama mmoja wa kijijini kwetu, shoga yake mama, amekuja kutoa kopi za vyeti vya wajukuu zake. Nilipoingia nilimwamkia, "Shikamoo mama," naye akaitikia, "Marahaba, baba," kama anavyoitikiwa mtu aliyepita jando. Mama huyo alinibeba mgongoni wakati nikiitwa jina lile.

"Kaka, jina."

"Naweza kuandika mwenyewe?"

"Bosi hataki mtu humu ndani. Nitajie tu."

"Siwezi."

"Hulikumbuki?"

"Nalikumbuka."

Akanitazama vizuri. "Jina lako unalikumbuka, kulitaja huwezi. Haya, liandike." Akanipitishia kipande cha karatasi chini ya wavu.

Niliandika herufi ya kwanza, nikaikata. Karatasi ile ingebaki mezani kwake, na baada yangu ilikuwa zamu ya yule mama. Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Nje mabasi yalipiga honi, kila mtu alikuwa na safari yake. Mimi nilibanwa kati ya wavu na benchi. Nikitamka, nitakuwa nimejitukana kwa kinywa changu mbele ya shoga yake mama. Nisipotamka, nitarudi kupalilia mikorosho ya mjomba, na umeme nitaendelea kuuona kwenye nyumba za wenzangu.

"Unamuuliza nini mwanangu, binti?" yule mama akasema.

"Jina la utotoni tu, mama. Mashine ndiyo inalitaka."

Yule mama akajifunika vizuri mtandio wake. Hakunitazama. "Ngoja nikatafute chumvi," akasema, akatoka na vyeti vyake mkononi.

Nilijua ametoka kwa ajili yangu. Hata hivyo sikuweza. Dada akagonga kaunta kwa kucha. "Ukurasa huu unajifunga, kaka. Ukijifunga tunaanza upya."

Wakati huo akaingia kijana wa bodaboda, katoni ya karatasi za duka begani. Huyu tuliingia likumbi pamoja, tukalala ubavu kwa ubavu, na ndiye mtu wa mwisho kuniita jina lile. Tena ana mdomo.

"Ee mwali," akaniambia, kama tulivyoitana likumbini, "umeshuka mjini kutafuta mchumba?"

"Mchumba wapi," dada akasema. "Mwenzio hataki kutaja jina lake la utotoni."

Nilisubiri acheke. Alitua katoni. Akanitazama, akatazama kompyuta, na hakucheka. Alipita nyuma ya kaunta kama alivyozoea kupita na mizigo, akainama, akabonyeza herufi chache upesi. Dada alipotaka kusoma, akaziba kioo kwa kiganja.

"Iambie iendelee," akasema.

Ikafunguka.

"Sasa paswedi mpya," dada akasema.

"Hiyo aandike mwenyewe."

"Bosi akija?"

"Nitamjibu mimi. Wewe geuka, na mimi nageuka."

Kule likumbini mmoja wetu akioshwa jeraha wengine tuligeuka tukatazama majani. Alisimama vilevile, mikono nyuma, uso mlangoni. Nikaingia, nikakaa kwenye kiti cha dada, nikaanza kutafuta herufi moja baada ya nyingine.

"Na lile swali ubadilishe jibu," dada akasema akiwa amenipa mgongo. "Si lazima useme kweli. Mashine haina ukoo. Ukiiambia unaitwa Muhogo, inakubali Muhogo."

"Sikujua inaruhusiwa kudanganya."

Hapo ndipo rafiki yangu alipocheka. "Huyu hata kompyuta anaiheshimu kama mkwe."

Nilibadilisha jibu. Kisha nikaandika uthibitisho, sentensi moja iliyonichukua muda mrefu, nikaituma. Tulipotoka tulikutana na yule mama mlangoni, ana pakiti ya chumvi.

"Umemaliza, baba?"

"Nimemaliza, mama."

Rafiki yangu alinisindikiza mpaka stendi, bila utani wake wa kawaida. Nilipokuwa napanda basi akasema, "Mwali, leo mimi sikuandika kitu."

"Najua," nikamwambia.

Chuoni nilipokelewa. Huko nilifunguliwa akaunti nyingine, na nyingine, na mara kwa mara swali lilirudi lilelile. Nikawa najibu kwa lile jina la uongo nililolitunga nikiwa kwenye kiti cha dada. Sijalitaja kwa mtu, wala sijaliandika popote pengine. Sasa nina majina mawili nisiyoweza kuyatamka. La kwanza, nikikwama, yupo wa kuniandikia. Hili la pili nikilisahau, hakuna anayelijua.