Alama Mbili Nilizompa Mapendo

Siku ya kwanza kazini nilifika kabla hata ya mlinzi. Afisi yetu ilikuwa Changamwe, hapa Mombasa, orofa ya kwanza, juu ya duka la vipuri vya malori, na madirisha yake yalitetemeka kila lori la mafuta lilipopita. Nilikuwa nimeajiriwa kuwa mkalimani, yaani mtu anayekaa baina ya mkimbizi na afisa, akimfikishia kila mmoja maneno ya mwenzake bila kuongeza wala kupunguza. Nilikuwa na umri wa miaka thelathini na tisa, mama wa mtoto mmoja, mke wa mtu wa Bofu, upande wa Likoni, na sikuwahi kuajiriwa popote.

Mkuu wa Kituo alikuwa bibi wa ukoo wa wafanyabiashara wa zamani wa mji huu, mwenye sauti ya upole na macho yasiyopepesa. Nilimwamkia, akaitikia, kisha akanionyesha kiti.

"Keti kitako, mwanangu. Hapa utasikia watu walia kutwa. Wewe andika alilosema mtu, si lile moyo wako ungependa aseme. Wafahamu?"

"Nafahamu, bibi."

Niliyafahamu maneno hayo kwa masikio tu. Kuyafahamu kwa moyo kulinichukua miaka mingi na kukanigharimu sana.

Kwa vijana mnaoingia kazi hii leo, nieleze kidogo ilivyokuwa. Baada ya miaka sita ya ukalimani nilipandishwa, nikawekwa katika kitengo cha elimu, kwenye kazi ya udhamini wa vyuo vikuu. Udhamini wenyewe ni jambo la kupendeza. Wanafunzi wa chuo fulani ng'ambo hukubaliana kumleta mkimbizi mmoja asome nao. Kijana huyo haendi kusoma tu na kurudi. Huenda kuishi, akiwa na haki ya kukaa huko maisha yake yote. Sisi huku tulikuwa tukiwatafuta vijana wanaostahili. Tulipokea fomu, tukasoma insha ya kujieleza, ambamo kijana husimulia maisha yake na anachotaka kusomea, kisha tukawaita mbele ya jopo la watu watatu. Kila mmoja wa jopo alitoa alama, moja hadi tano, kwa mambo kadhaa: masomo, lugha, nia, na lile tuliloliita kuzoea ugenini, maana yake kama kijana huyu ataweza kuishi peke yake katika baridi, mbali na kwao, bila kuvunjika. Waliofaulu walisafiri. Waliowakaribia waliingia katika orodha ya akiba na kungoja mwaka mwingine.

Palikuwa na kanuni moja zaidi. Ukimjua mwombaji, hukai kwenye jopo lake. Unajitoa.

Sasa niseme ukweli wangu. Kazi hii ilinitia wivu tangu mwanzo. Mimi nilifaulu kidato cha sita, nikaitwa chuo kikuu. Marehemu baba aliisoma ile barua, akaikunja, akasema binti hasomei mbali na macho ya wazazi. Baada ya muda mfupi nikaolewa. Basi kila nilipomkabidhi kijana barua yake ya kukubaliwa, mdomo wangu ulisema hongera na moyo wangu uliuliza mbona si mimi. Nilizoea. Nilidhani ni kama maumivu ya mgongo, kitu cha kuishi nacho.

Kisha akaja Mapendo.

Mapendo alikuwa binti wa Kikongo. Aliletwa Mombasa na mama yake akiwa na miaka tisa, wakapanga chumba karibu na uwanja wa ndege, upande wa Port Reitz. Mama alishona nguo. Binti alisoma shule moja na mwanangu Saumu, darasa moja, dawati moja. Saumu alikuwa akibaki kwa dada yangu Changamwe siku za shule, kwa hiyo wawili hawa walikuwa wakishinda pamoja. Mapendo alimfundisha Saumu hesabu, naye Saumu akamnyoosha Kiswahili, maana yule mtoto alikuja akisema "niko naenda" na "aksanti" mpaka wenzake wakamcheka. Mara nyingi alikula wali kwangu Bofu. Akiniita mama, nikiitika.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, Mapendo alipata A ya kutoa, ngazi moja tu chini ya ile ya juu kabisa. Saumu alipata B. B si haba, lakini Saumu tangu utotoni alitaka udaktari, na kwa alama ile serikali ilimpangia kozi nyingine asiyoitaka, katika chuo cha mbali. Alilia siku mbili. Siku ya tatu alinikuta jikoni nakuna nazi.

"Mama, Mapendo amechukua ile fomu ya afisini kwenu."

"Najua."

"Na mimi nijaze?"

"Ile si yako, mwanangu. Ni ya wasio na kwao. Wewe una kwenu."

Akanitazama. "Kwani kuwa na kwetu ni kosa?"

Niliendelea kukuna ile nazi mpaka nikafika kwenye kifuu chenyewe, machicha yakaingia weusi.

Siku za mahojiano, aliyetusimamia alikuwa Mratibu wa Elimu, bwana wa bara, mrefu, mpole, mwenye desturi ya kuuliza jambo moja mara mbili. Asubuhi ile alipitia majina, akafika kwa Mapendo.

"Huyu msichana amesoma shule ya binti yako, Bi. Mwanamisi. Unamjua?"

"Kwa sura tu," nikasema.

"Kwa sura tu?"

"Naam. Kwa sura tu."

Ndivyo nilivyobaki kwenye jopo.

Mapendo aliingia amevaa gauni la kitambaa cha samawati aliloshonewa na mama yake. Aliponiona uso ulimng'aa, kisha akajizuia, kama mtu aliyekumbuka yuko mahali pa heshima. Alijibu vizuri. Alisema anataka kusomea dawa, kwa sababu mama yake alikuwa akimeza vidonge ambavyo hakuna aliyewahi kumweleza vinafanya nini. Wenzangu wawili waliandika kwa haraka. Likafika swali la ugenini, na zamu ya kuuliza ilikuwa yangu.

"Ukifika huko, ukawa peke yako, na mama yako ni mgonjwa huku, utafanya nini?"

"Nitalia, mama. Halafu nitaenda darasani."

Jibu hilo lilistahili tano. Nalijua sasa, na nililijua wakati ule. Lakini nilimwona Saumu jikoni, nikajiona mimi na barua iliyokunjwa, na nikajiambia kwamba mtoto anayekiri kuwa atalia bado hajakomaa. Nikaandika mbili. Kando ya alama nikatia maneno: "Amefungamana mno na mzazi." Wallahi, nikatia na sahihi.

Alama mbili zile zilimshusha. Aliingia orodha ya akiba.

Lililoniumiza ni kwamba siku matokeo yalipobandikwa alikuja mezani kwangu akiwa na maandazi ya mama yake, yamefungwa kwa kitambaa safi.

"Aksanti, mama," alisema. Lile neno la kwao lilimrudia kila alipokuwa na huzuni. "Najua ulinitetea."

Nilikula andazi moja mbele yake. Mengine niliwapa wenzangu.

Mwaka ule ulikuwa mrefu. Saumu aliikataa ile kozi ya serikali, akajiunga na chuo cha uuguzi, akaanza kuwa mtu tena. Mapendo alibaki akifundisha watoto wa majirani, akingoja. Nami, badala ya kupoa, nilizidi. Nilimwonea wivu hata kule kungoja kwake, namna alivyongoja bila kinyongo. Kisha, miezi michache kabla ya mahojiano mengine, mama yake akazidiwa, akafariki.

Nilikwenda mazikoni kwa sababu Saumu alikwenda. Kanisa lilikuwa dogo, na mimi na Saumu tulikaa nyuma na buibui zetu. Mapendo alisimama mbele, akasema maneno machache ya kumuaga mzazi wake, kwa Kiswahili fasaha cha pwani, kile alichofundishwa na mwanangu. Hakulia mpaka alipomaliza. Kisha akalia, na Saumu akatoka kwenye kiti akaenda kumshika.

Nikakumbuka nilivyoandika kuwa amefungamana mno na mzazi. Jumatatu nilibisha mlango wa Mratibu.

"Mwaka huu nisikae kwenye jopo, bwana."

"Kwa nini?"

"Yule binti Mapendo namjua. Amekula kwangu tangu mdogo."

"Na mwaka jana?"

"Mwaka jana pia nilimjua. Nilisema uongo. Na alama niliyompa ilikuwa uongo."

Aliweka miwani mezani. "Alikukosea nini?"

"Hakunikosea. Nilimhusudu."

"Ulimhusudu?" aliuliza tena, lakini safari hii si kwa desturi yake. Nadhani hakupata kusikia mtu akilitaja neno hilo afisini. "Bi. Mwanamisi, mwizi wa kalamu ningejua la kumfanya. Wewe umeiba mwaka wa mtu. Nitaurudisha kutoka wapi?"

Alinipa barua ya onyo, akanitoa kwenye jopo kwa muda wote uliobaki wa kazi yangu. Jina la Mapendo lilichukuliwa kutoka orodha ya akiba likawekwa mbele ya jopo jipya, na lilipita bila msaada wangu. Mimi nilihamishiwa Kisauni, kwenye mafunzo ya kabla ya safari. Hapo ndipo wanaoondoka hufundishwa mambo ya huko: kuvaa nguo tatu kwa pamoja, kusoma ratiba ya treni, kumwambia daktari unachoumwa bila haya. Katika darasa langu la kwanza, kiti cha mbele, alikaa Mapendo. Mratibu hakuwa amemwambia kitu. Wiki mbili nilimfundisha jinsi ya kuondoka, na kila siku alisema shikamoo, nami nikasema marahaba.

Nilimwambia Saumu jioni ya siku Mapendo aliposafiri. Nilidhani atanielewa, kwa kuwa nilidhani nilifanya kwa ajili yake.

"Usilitie jina langu humo, mama," alisema. "Mimi sikukutuma." Kwa miezi mitano alinijibu salamu tu.

Nilifanya kazi Kisauni mpaka nilipostaafu. Niliwafundisha vijana wengi, wakaondoka, wakaandika, wengine wakasahau. Wivu haukuniacha. Jambo moja tu lilibadilika: niliacha kujidanganya kuwa ni kitu kingine. Nikihisi umenishika, niliweka kalamu chini, nikamwita mwenzangu, nikamwambia, faili la mwanafunzi huyu lichukue wewe, mimi leo sifai. Wadogo zangu katika kazi hii, hilo ndilo ninalowaachia. Mtafundishwa kujitoa kwenye jopo la ndugu na la rafiki. Hakuna atakayewafundisha kujitoa mbele ya mtu ambaye anapata kile mlichokikosa nyinyi. Huyo ndiye wa kuogopwa zaidi, kwa sababu mbele yake utajiona hakimu mkali na mwadilifu.

Mwaka huu Mapendo amekuja. Ni mfamasia huko aliko, na yumo katika kamati ya chuo chake inayowachagua vijana wa kudhaminiwa. Alikuja Bofu adhuhuri, akaamkia, akakaa jamvini kama zamani. Saumu alikuwa zamu ya hospitali, hajarudi. Nikaona nikingoja sitasema tena. Nikamweleza yote: "kwa sura tu", ile mbili, yale maandazi.

Alisikiliza hadi mwisho. Nje mtu alikuwa akipigilia mabati, na kila alipopiga, mimi nilishtuka.

"Ungenipa tano," alisema polepole, "ningesafiri mwaka ule. Mama yangu angezikwa na majirani."

Nilitaka kushika maneno hayo kama mtu anayezama. Aliniona.

"Hapana, mama. Usiyachukue hayo. Wewe hukujua. Mungu ndiye aliyenipa kumzika mama yangu. Wewe ulinipa mbili."

"Nisamehe."

"Sijui kama nimesamehe. Nilikuja kula wali. Nipe muda."

Nikaenda jikoni nikapika. Saumu aliporudi na sare zake za kazi nilisikia kelele ukumbini, mayowe, vicheko, kisha wakaingia chumba cha Saumu wakafunga mlango. Nilipeleka sinia, nikabisha, mkono mmoja ukatoka ukalipokea, mlango ukafungwa tena. Nilisimama pale kwenye ushoroba na kitambaa cha mikono begani. Ndani Mapendo alisema kitu, sikukisikia, na Saumu akacheka kicheko ambacho mimi, mamake, sijawahi kumtoa.

Nikawaonea wivu. Nikarudi jikoni, nikawachemshia chai.