Kamba Niliyompimia Jirani Sasa Inaitwa Uchawi

Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu katika shule moja hapa Kisumu. Sina marafiki wengi. Saa ya mapumziko hukaa peke yangu na kitabu. Nawaomba wenye ukurasa huu mlifiche jina langu, maana nikijulikana sijui nitakimbilia wapi.

Mwaka jana mwalimu wetu wa michezo alinipa kitabu kikuukuu cha mazoezi ya viungo. Mimi mwenyewe si mkimbiaji wala sijawahi kuchaguliwa katika timu yoyote, lakini nilikisoma kitabu kile mpaka nikaweza kumtazama mtu akitembea nikajua ni goti gani linalomsumbua. Nikaamua kwamba hiyo ndiyo itakuwa kazi yangu: kuwafundisha watu wazima mazoezi, mmoja mmoja, nyumbani kwao. Mama yangu alicheka. Aliniuliza ni mtu mzima gani atakayeacha shughuli zake ili aamrishwe na mtoto kuinama na kuinuka.

Nilimpata mmoja. Ni jirani yetu, nitamwita Mama Mkubwa, kwa kuwa ndiye mke wa kwanza wa bwana mmoja afanyaye kazi melini. Anauza samaki, ni kiongozi wa akina mama kanisani, na alikuwa na mwili mkubwa wa heshima. Hospitali walimwambia presha imepanda, apunguze uzito. Kwa kuwa anajua napenda vitabu, aliniita, akafunga mlango, akaniapisha juu ya Biblia nisimwambie mtu yeyote. Alisema soko zima lingemcheka likisikia anarukaruka kama mtoto.

Kila siku nikitoka shule tulifanya mazoezi chumbani mwake. Alipanda na kushuka sanduku la samaki, akainua mifuko miwili ya mchanga niliyoishona mwenyewe, akalala chali juu ya mkeka na kuinua miguu. "Mwalimu, leo unataka kuniua," alikuwa akiniambia huku anahema na kucheka. Hakuna mtu aliyewahi kuniita mwalimu. Aliniahidi kwamba akifaulu ataniletea rafiki zake wa sokoni, na mimi nikajiona tayari nina kazi.

Kitabu kilisema kiuno kipimwe kila wiki. Hatukuwa na utepe wa fundi wa nguo, basi nilitafuta kamba ya katani. Kila Jumamosi niliizungusha kiunoni mwake, na pale ilipokutana nikafunga fundo. Kila fundo lilikuwa nyuma kidogo ya lile la wiki iliyopita. Tulifikisha mafundo kumi na moja. Kamba aliificha chini ya godoro lake.

Kitu ambacho kitabu hakikuniambia ni kwamba huku kwetu mama mwenye cheo akikonda hakuna anayemwambia amependeza. Watu walianza kumpa pole. Kisha wifi yake akaja kutoka Pap Onditi, na alipomwona tu mlangoni akaanza kulia. Alisema hiyo ni chira, ule ugonjwa wa kumaliza mwili unaowapata watu wa boma ambamo mwiko umevunjwa. Akamgeukia Mama Mdogo, mke wa pili, msichana mpole wa miaka ishirini na moja mwenye mtoto anayenyonya. Eti alipanda mahindi kule nyumbani kabla ya mkubwa wake kupanda. Mama Mdogo aliapa kwamba hakupanda hata punje moja.

Mimi nilifika alasiri hiyo, nimebeba vitabu kama kawaida. Wifi alikuwa akilitoa godoro la Mama Mkubwa nje alianike, na kamba ikaanguka. Aliyaona yale mafundo akarudi nyuma. Hakuigusa kwa mkono, aliiinua kwa kijiti. Akasema sasa si chira tena, huu ni uchawi, kuna mtu anafunga maisha ya mwenzake fundo kwa fundo, na anayefagia chumba hiki ni Mama Mdogo.

Nilimtazama Mama Mkubwa, nikingoja aseme. Aliitazama kamba, akanitazama mimi, akaingia ndani.

Baadaye alinivuta hadi nyuma ya jiko. Nilimwambia tuseme ukweli, vyeti vya hospitali si vipo? Akaniambia polepole, bila hasira, "Nyathina, mwanangu, hiyo kamba imetoka kwa mkono wako, si wangu. Ukisema, mimi nitasema sijui. Wataamini nani?" Kisha akasema amekaa na mwanamke yule nyumba moja miaka mitatu, inatosha.

Tangu siku hiyo nikisikia hodi kwetu, naingia chumbani kujificha. Mwisho wa mwezi bwana wao atarudi, na wazee watakuja kutoka nyumbani. Mama Mdogo atarudishwa kwao Bondo na mtoto atabaki hapa. Jana alinikuta bombani nikichota maji, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Wewe unasoma vitabu vingi. Kuna kitabu kinasema mtu anakonda kwa nini?"

Nilimjibu sijui.

Niliapa juu ya Biblia, na naogopa kuvunja kiapo. Naogopa zaidi kuitwa mchawi mbele ya wazee, kwa sababu mafundo yale kweli niliyafunga mimi. Mama yangu hajui lolote. Na Mama Mkubwa bado anataka tuendelee na mazoezi. Ameniambia Jumamosi nije na kamba nyingine. Ninayo ndani ya mkoba wa vitabu, haijafungwa fundo hata moja, na kila nikiingiza mkono kutafuta kalamu naigusa.

Nyinyi mlio wakubwa kwangu, nishaurini kabla meli haijarudi. Nifanye nini?